Kunusurika si Kupona: Istilahi za Jeraha la Nafsi na Ushahidi wa Washairi

Utangulizi

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa mezani petu ili lugha yake ikaguliwe, ilikuja siku moja hojaji iliyokusudiwa watu waliotoka hai katika ajali ya chombo cha majini. Swali lake la kwanza liliuliza: "Je, ulipona katika ajali hiyo?" Swali la tisa likauliza: "Je, sasa umepona?" Pamoja na hojaji hiyo yalikuwamo majibu machache ya majaribio. Mama mmoja alikuwa amejibu "ndiyo" kwa maswali yote mawili. Kisha, pembeni mwa karatasi, mwandishi aliyemhoji aliongeza kwa kalamu ya risasi kwamba mama huyo tangu siku ile hawezi kulala taa ikiwa imezimwa, na kwamba akisikia maji yakimiminwa ndooni hutoka nje ya nyumba. Hata hivyo, kwa kuwa hojaji ilihesabu "ndiyo" na "la" tu, mama huyo aliwekwa katika safu ya waliopona.

Mfasiri wa hojaji ile hakukosea sarufi, wala hakwenda kinyume cha kamusi. Kiswahili husema mtu amepona anapotoka hai katika maji, moto au vita; na neno lilo hilo husema mtu amepona anapoondokewa kabisa na maradhi. Tatizo, basi, halikuwa la mfasiri peke yake. Lilikuwa letu sisi tunaoshughulika na istilahi, maana hatukuwa tumempa maneno mawili mahali palipohitajiwa maneno mawili.

Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba kunusurika ni jambo moja na kupona ni jambo jingine. Kwamba washairi wa Kiswahili wameijua tofauti hiyo kabla yetu. Na kwamba katika tungo zao yamo maneno yanayotosha kuijengea fani hii istilahi bila ya kukopa ovyo.

Asili ya dhana yenyewe

Neno linalotumiwa na matabibu wa nchi nyingi, yaani trauma, ni la Kiyunani, na maana yake ya asili ni jeraha tu: jeraha la ngozi na nyama. Madaktari wa upasuaji hulitumia kwa maana hiyo mpaka leo. Mwishoni mwa karne ya 19 matabibu wa Ulaya walianza kulipanua neno hilo hata likafika kwenye nafsi, kwa sababu waliwaona wagonjwa ambao miili yao ilikuwa mizima lakini walitenda kama watu waliojeruhiwa. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliiingiza rasmi hali hiyo katika mwongozo wake wa maradhi. Miongoni mwa watu waliosababisha itambuliwe ni askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam.

Dalili zinazotajwa na wataalamu ni hasa hizi: tukio hurudi katika ndoto na katika kumbukumbu bila kuitwa, mtu hukwepa kila kitu kinachomkumbusha, na mwili hukaa macho daima kama kwamba hatari ingalipo. Msomaji wa Kiswahili hatayaona haya kuwa mageni. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Katika maneno hayo machache limo tukio lililopita, limo jambo dogo linalolikumbusha, na umo mwili unaoruka kabla akili haijasema neno. Dhana tunayo, kilichopungua ni utaratibu wa kuigawa na kuipa majina.

Jambo la kuzingatia ni kwamba matabibu wale wa Ulaya hawakuunda neno jipya, bali walipanua maana ya neno la zamani. Njia hiyo ndiyo tunayoanzia sisi pia: hutazama kwanza Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, na mwisho ndipo lugha za kigeni.

Kwa upande wa lugha za Kibantu, mfano ulio wazi ni wa jirani zetu wa Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Wanyarwanda walikuwa na haja ya neno la kuitaja hali ya watu waliobaki, nao wakalitumia neno ihahamuka, ambalo huhusishwa na mapafu na kukosa pumzi. Tuliwahi kujiuliza kama neno hilo lingefaa kukopwa. Uamuzi wetu ni kwamba halifai, kwa kuwa shina lake husikika wazi kwa Mnyarwanda tu. Kwa Mswahili, ambaye husema mapafu, lingekuwa sauti isiyo na picha. Lakini funzo lake ni kubwa. Wanyarwanda waliitaja hali hiyo kwa jinsi mwili unavyoihisi, wala hawakuiita wazimu.

Maneno tuliyo nayo

Tukichungua matumizi ya kila siku tunakuta maneno mengi yanayozunguka dhana hii, nayo hayalingani.

Kuna maneno ya tukio lenyewe: mkasa, maafa, janga. Haya hayana shida, ila yasitumiwe kwa hali ya mtu. Maafa humpata mtu. Hayawi ndani yake.

Kuna maneno ya saa ile ya kwanza: mshtuko na bumbuazi. Mshtuko ni wa ghafla nao hupita upesi. Bumbuazi ni kule kusimama mtu akikodoa macho asiweze kusema wala kutenda. Yote mawili ni mafupi mno kwa hali inayoweza kudumu miaka. Wako wanaotafsiri hali yote kwa neno mshtuko, nasi tunaona kwamba wanaupunguza muda wa maumivu ya mtu bila kukusudia.

Kuna maneno ya huzuni: majonzi, simanzi, jitimai. Haya ni ya msiba, na msiba una njia zake za kulipokea jambo. Una matanga, una arobaini, una eda. Majirani hujua siku ya kuja na maneno ya kusema. Shaaban Robert alipomlilia mkewe Amina kwa utungo katika kitabu cha maisha yake, kila msomaji aliitambua mara moja huzuni hiyo na kujua namna ya kuipa pole. Jeraha tunalolizungumzia hapa halina matanga. Aghalabu hakuna hata anayejua kwamba lipo. Kwa hiyo si kila utungo wa majonzi ni utungo wa jeraha la nafsi.

Kisha kuna kiwewe, neno ambalo siku hizi hutumiwa sana na wauguzi, washauri na waandishi wa habari. Katika matumizi ya kawaida, mtu hupatwa na kiwewe kwa hofu, kwa habari za ghafla, hata kwa furaha iliyozidi. Kwa hiyo wako wanaolipinga wakisema kuwa ni jepesi. Sisi hatuungi mkono upinzani huo moja kwa moja. Neno hili lina bahati ya kusikika karibu na kitenzi weweseka, yaani kusema ovyo usingizini. Hatudai kwamba maneno haya mawili yametoka katika shina moja, lakini sikio la Mswahili huyasikia pamoja, na ndoto mbaya ni katika dalili kuu za hali hii. Neno ambalo umma umekwisha kulikubali, na ambalo lina mwangwi wa namna hiyo, halifai kutupwa. Linafaa kuwekewa mipaka.

Mwisho kuna maneno ya jeraha: kidonda, donda, kovu. Hapa ndipo lugha yetu ilipo tajiri. Kidonda kisichopona huitwa donda ndugu. Kukigusa kidonda kibichi kikauma upya ni kukitonesha. Kikifunga hubaki kovu, ambalo haliumi lakini halifutiki. Lugha inayotofautisha mambo haya kwa ngozi inaweza kuyatofautisha kwa nafsi pia.

Ushahidi wa washairi

Tunapotafuta mipaka ya maneno haya, tungo ni shahidi bora kuliko hojaji, kwa sababu mshairi huchagua neno huku akijua kwamba watu watalihoji.

Tuanze na masimulizi ya Fumo Liyongo. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kifungoni, mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakawa wanakila chakula kizuri na kumwachia kilicho duni. Liyongo alituma salamu kwa tungo, akimwagiza mama yake aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi hawakuutaka mkate wa wishwa, tupa ikamfikia, akakata minyororo wakati ngoma ya gungu ikirindima nje. Katika kisa hiki shairi ni chombo cha kunusurika kwa maana halisi kabisa: limeuokoa mwili. Juu ya kupona, kisa hakidai chochote.

Mfano wa pili ni wa watu wengi kwa pamoja. Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi, ambao ulichapishwa tena mwaka 1957. Vita hivyo, pamoja na njaa iliyofuata baada ya mashamba na akiba za chakula kuteketezwa, viliua watu ambao makisio ya baadhi ya wanahistoria yanafika 250,000 hadi 300,000. Utenzi wa namna hii hutaja watu, mahali na mfuatano wa mambo. Kazi yake ni kuwapa waliobaki masimulizi yaliyopangwa mahali ambapo pangebaki vipande vipande vya habari. Hapa pia hatuoni kupona. Tunaona jamii ikikataa kunusurika kwa mwili pekee huku ikipoteza kumbukumbu.

Mfano wa tatu ndio uliotusaidia zaidi. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa miaka mitatu nchini Kenya, kuanzia 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi? Alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei. Sehemu kubwa ya kifungo alikaa peke yake, naye alitunga kwa siri akiandika juu ya karatasi za chooni. Tungo hizo zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 zikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Baada ya kutoka kifungoni alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwanaistilahi huanza na jina la kitabu. Neno dhiki limetokana na Kiarabu, na katika asili yake lina maana ya ufinyu, mahali pembamba pasipopitika. Mswahili wa leo akisema dhiki hufikiri umaskini au taabu. Mshairi aliyekaa ndani ya kuta nne alilirudisha neno karibu na asili yake. Tukikumbuka neno lile la Wanyarwanda lenye kukosa pumzi ndani yake, tunaona kwamba lugha mbili zilizopita njia tofauti zimekutana kwenye hisia moja: kubanwa. Vilevile tunaona kwamba mshairi hakukiita kitabu chake dhiki tu. Kwanza iko sauti. Mwenye kubanwa anapotoa sauti, hajapona. Lakini hayuko tena mahali pale alipokuwa aliponyamaza.

Shairi lake liitwalo "Siwati", yaani siachi kwa Kiswahili sanifu, ni tamko la mtu anayeshikilia msimamo wake ijapokuwa ameteswa kwa ajili yake. Katika "Jipu" mshairi anazungumza juu ya uvimbe unaomtesa hata utakapoiva na kutumbuka. Wasomaji wengi wamelielewa shairi hilo kuwa fumbo la siasa, nao wana haki. Lakini kwa ajili ya makala hii, tutazame picha yenyewe. Jipu si jeraha lililotiwa kutoka nje likaonekana. Ni maumivu yaliyojificha chini ya ngozi, na nafuu yake haiji kwa kulifunika bali kwa kutoka kilichomo. Kwa mfano huo wa mwili tungeweza kueleza darasani hali ambayo vitabu vya tiba huieleza kwa kurasa nyingi.

Umbo la shairi na kazi yake

Imesemwa mara nyingi kwamba vina na mizani humfunga mshairi. Kwa habari ya tungo za manusura, tunaomba msomaji alitazame jambo hilo upya.

Mtu mwenye kiwewe hurudiwa na tukio bila idhini yake. Linakuja anapopika, anapoabudu, anaposikia maji ndooni. Shairi la kimapokeo nalo lina marudio: kina cha kati na kina cha mwisho hurudi kila mshororo, na katika tungo nyingi kiitikio hurudi kila ubeti. Lakini tofauti ni kwamba marudio haya huja mahali yalipoagizwa. Mizani minane, kituo. Mizani minane, kituo. Mishororo mitatu, kisha kiitikio. Mshairi anajua maumivu yatamjia wapi, amejiandaa kuyapokea, naye ndiye anayeyaaga ubeti unapokwisha. Kwa maneno mengine, jambo lililokuwa likimtawala sasa linafuata hesabu yake.

Fumbo pia lina kazi. Jipu, mamba au mnazi humwezesha mshairi kusema bila kutonesha: yeye mwenyewe anaweza kulizunguka tukio, na msikilizaji aliyepatwa na la kwake anaweza kulitia ndani ya fumbo hilo bila kulazimishwa kulitaja. Kwa mfungwa wa kisiasa fumbo lilikuwa pia ngao mbele ya wenye nguvu. Haja hizi mbili, ya kujikinga na mtawala na ya kujikinga na kumbukumbu, zimekutana katika fani moja.

Hata hivyo, ni wajibu wetu kutahadharisha. Sisi si waganga, na hatusemi kwamba anayetunga atapona. Mtu anaweza kutunga diwani nzima na bado akashtuka kwa unyasi. Ndiyo maana jina tunalolipendekeza kwa tungo za aina hii ni ushairi wa manusura, wala si ushairi wa waliopona.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe.

1. Mkasa: tukio lenyewe lililomdhuru mtu. Likiwapata watu wengi kwa pamoja, maafa.

2. Bumbuazi: hali ya kuduwaa katika saa au siku za kwanza baada ya mkasa.

3. Jeraha la nafsi: dhara linalobaki ndani ya mtu baada ya mkasa. Tumechagua nafsi baada ya kupima maneno mengine matatu. Jeraha la akili lingemfanya mgonjwa adhaniwe kuwa mwendawazimu. Jeraha la moyo lingechanganywa na mapenzi au na upasuaji. Jeraha la roho lingeipeleka dhana kwenye mambo ya dini peke yake.

4. Kiwewe: jumla ya dalili za jeraha hilo zinapomsumbua mtu kwa muda mrefu, hasa kurudiwa na mkasa, kukwepa na kuwa macho daima.

5. Kutonesha: kuamsha maumivu ya jeraha la nafsi kwa swali, sauti, picha au neno. Nomino yake iwe utoneshaji. Istilahi hii ni muhimu kwa wanaohoji, pamoja na waandishi wa habari.

6. Kunusurika: kutoka hai katika mkasa. Mwenye kunusurika ni manusura, umoja na wingi, nalo lifuate upatanisho wa watu: manusura huyu, manusura hawa.

7. Kupona: litumike, katika maandishi ya tiba na ya kijamii, kwa maana ya jeraha kufunga tu. Alama inayobaki baada ya hapo iitwe kovu, na ifahamike kwamba kuwa na kovu si kuwa mgonjwa.

Pana neno moja tunaloshauri litumiwe kwa uangalifu, nalo ni mhanga. Kwa asili mhanga ni anayejitoa kwa hiari kwa ajili ya jambo fulani. Kumwita mhanga mtu aliyekumbwa na mafuriko ni kumpa hiari ambayo hakuwa nayo. Neno mwathirika ni afadhali, ila linamtaja mtu kwa kilichomfika tu. Manusura humtaja kwa kuwa yu hai, na kwa kuwa katika mzizi wake umo msaada, linatukumbusha kwamba aghalabu hakuna anayenusurika bila mkono wa mwenziwe.

Hitimisho

Hojaji ile tuliirudisha ikiwa na masahihisho mawili. Swali la kwanza likawa: "Ulinusurika vipi?" Swali la tisa likawa: "Je, kuna jambo lolote la siku ile linalokurudia hata sasa?" Maswali haya hayajibiwi kwa "ndiyo" wala "la" pekee, na waliotayarisha hojaji walilalamika kwamba yatawachosha wahesabuji. Tulikubali kwamba yatawachosha. Lakini mama yule, kama angeulizwa hivyo, asingewekwa katika safu isiyo yake.

Istilahi hizi si amri. Tunawaomba wasomaji, hasa wauguzi, walimu, wakalimani na malenga, watuandikie wakitueleza maneno yanayotumika kwao: pwani na bara, visiwani, na kwa wasemaji wa Kiswahili walioko Kongo, Rwanda na Burundi, ambako wengi wamehitaji maneno haya kuliko sisi tulioketi mezani. Wenye tungo pia walete tungo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaokilalia ndio watakaotuambia kama majina tuliyoyapendekeza yanafaa.